Spidi gani inakula mafuta machache? Jinsi ya kuipima Hiace yako kwenye barabara za Mwanza

Muulize dereva gari lake linakula vipi, atakujibu kwa shilingi. Jibu la shilingi halidumu, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na gari lililokuwa "halili" mwezi uliopita linaanza "kula sana" bila kuguswa spana. Kipimo kinachofaa ni lita kwa kilomita 100. Ukishakuwa nacho, swali la spidi linajibika kwa kalamu na daftari.

Mwongozo huu unahusu gari la umbo la boksi: Hiace ya abiria, van ya mizigo, au ile iliyotolewa viti ikawekwa kitanda na jiko kwa safari za kulala njiani. Gari dogo la saluni lina uhusiano tofauti wa spidi na mafuta, na lori ni habari nyingine kabisa.

Mafuta yanakwenda wapi

Gari likiwa kwenye mwendo ulionyooka, mafuta yanagawanyika kwa walaji watatu.

Wa kwanza ni injini yenyewe: msuguano wa ndani, pampu ya maji, feni, alteneta, kiyoyozi. Hata gari likiwa limesimama injini inawaka, Hiace inameza kati ya nusu lita na lita moja na kitu kwa saa. Ukienda polepole mno, saa za safari zinaongezeka na mlaji huyu anakula zaidi kwa kila kilomita.

Wa pili ni matairi. Huyu habadiliki sana na spidi. Anabadilika na uzito, upepo wa tairi na aina ya barabara.

Wa tatu ni hewa, na ndiye mwenye hila. Nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wa spidi. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100 spidi imeongezeka robo tu, lakini hewa inasukuma kwa nguvu iliyozidi asilimia 56. Hiace yenye tani 2.3 pamoja na mzigo, kwenye lami kavu, inakabiliwa na hewa na matairi kwa nguvu inayokaribia kulingana ikiwa kwenye spidi ya kama 75 hadi 80. Chini ya hapo unapigana zaidi na matairi. Juu ya hapo unapigana na ukuta wa hewa, na bodi yenye uso bapa haina pa kujifichia.

Kuna jambo moja la Mwanza lenyewe. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi inasukuma kidogo. Kwa hiyo lita alizopima mtu kwenye njia ya Chalinze hazikuhusu, hata kama gari ni pacha wa lako.

Ukiwaweka walaji wote watatu pamoja, jibu la jumla ni hili: spidi ya mafuta machache iko karibu na spidi ya chini kabisa ambayo gia ya mwisho inaibeba bila injini kuguguma. Kwa van nyingi hapo ni kati ya 60 na 75. Namba kamili inategemea gari lako, na ndiyo maana unapima.

Kabla ya kupima, ondoa wezi

Gari bovu litakupa spidi bora ya ubovu wake. Pitia haya kwanza.

Upepo wa matairi. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea, kwa geji yako mwenyewe, na ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Geji za mitaani hazikubaliani hata zenyewe kwa zenyewe. Tairi zikipungua psi 10, tegemea kupoteza karibu asilimia 2 ya mafuta, mbali na tairi kulika mabegani.

Breki zinazoshika. Endesha kama kilomita 20 kwa kukanyaga breki kwa nadra, simama taratibu, kisha gusa kila rimu kwa tahadhari. Rimu za mbele kuwa na joto kuliko za nyuma ni kawaida. Kulia na kushoto zikitofautiana, kuna pistoni iliyokwama au kebo ya hendibreki iliyokazwa mno. Hakikisha kwa jeki: tairi lizunguke kwa mkono mmoja.

Thamostati, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi wakiona gari linachemka huitoa na kuitupa. Gari linaacha kuchemka, na mteja anaondoka ameridhika. Lakini injini inabaki ya ubaridi, inamwagiwa mafuta mengi kama imetoka kuwashwa, na oili inabaki nzito. Kama mshale wa joto hautulii katikati hata baada ya nusu saa ya barabara kuu, uliza kama thamostati ipo. Kununua mpya ni nafuu, ila ujue sababu ya kuchemka huenda ilikuwa kitu kingine na bado ipo.

Filta ya hewa iangaliwe, hasa kama gari linashinda kwenye vumbi. Dizeli inayotoa moshi mweusi wakati wa kupandisha ipelekwe kwa fundi wa pampu na nozeli kabla ya jaribio lolote. Alaimenti pia, kama usukani unavuta upande.

Mwisho, weka mzigo wako wa kawaida na usiubadilishe mpaka jaribio liishe. Gari la kulala lenye tangi la maji la lita 100 lina kilo 100 ambazo zitakuwapo leo na kesho hazipo. Lijaze au ulimwage, chagua moja.

Barabara na saa

Unahitaji lami tambarare, ndefu, isiyo na foleni. Kutokea Mwanza, chaguo letu ni barabara ya Musoma. Ukishaiacha Igoma na Kisesa mji unaisha, na kati ya Magu na Lamadi barabara inapita tambarare za Ghuba ya Speke. Vijiji vipo, matuta yapo, ng'ombe wapo. Lakini milima ni michache. Upande wa Usagara kwenda Sengerema na Geita pia unafaa kuliko zamani, kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko haiharibu tena hesabu. Ila kwenye daraja lenyewe, kilomita 3 za wazi juu ya maji, upepo wa ubavuni unaipiga van kama tanga. Vipande vifupi vya jaribio visipite hapo.

Saa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mchana nchi kavu inapata joto na upepo unavuma kutoka ziwani, usiku unageuka. Asubuhi kuna kipindi cha utulivu. Toka saa 12 na nusu, na ukiweza sehemu kubwa ya jaribio iwe imekwisha kabla ya saa 4.

Usijidanganye kwamba kwenda na kurudi kunafuta upepo. Ukienda 70 dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, gari linaonja hewa ya 90. Ukirudi nao linaonja ya 50. Ukipiga wastani wa miraba yake, sehemu ya hewa bado imezidi kwa asilimia 8. Kwenda na kurudi kunafuta mwinuko wa barabara vizuri, lakini upepo kunaufuta nusunusu. Siku ya upepo mkali, ahirisha. Siku ya mvua vivyo hivyo, maana tairi linalokata maji linakula zaidi.

Mshale unakudanganya

Mshale wa spidi kwenye magari mengi unasoma juu ya spidi halisi, na ukibadilisha saizi ya tairi uongo unabadilika. Washa GPS ya simu, kaa kwenye 70 ya mshale kwenye kipande kilichonyooka, msaidizi aandike spidi ya GPS. Rudia kwa 60 na 80.

Halafu sahihisha kilomita. Tembea umbali mrefu, angalau kilomita 50, ulinganishe za dashibodi na za GPS. Dashibodi ikisema 50 na GPS 48, kizidisho chako ni 0.96. Kila kilomita za dashibodi utazizidisha kwa hicho kabla ya hesabu yoyote. Ukiruka hatua hii, gari lenye matairi makubwa litaonekana mlafi kuliko lilivyo, na lenye madogo litaonekana la kujinyima.

Kupima kwa tangi

Njia hii inafaa gari lolote, hata Hiace ya zamani yenye pampu ya kimakanika.

1. Pasha injini kwa kilomita 20 au zaidi, kisha ingia sheli. Kisesa panafaa. Chagua pampu moja na ukumbuke ni ipi na gari lilielekea wapi.
2. Zima injini. Jaza mpaka bomba lijikate lenyewe. Dizeli inatoa povu, hivyo subiri dakika 2 povu lishuke, jaza tena polepole hadi lijikate mara ya pili. Hapo ndipo "full" yako. Usibembee gari wala kujaza mpaka shingoni, mafuta yanapanuka kwa joto na yatamwagika.
3. Andika kilomita, saa, hali ya upepo, idadi ya watu.
4. Shika spidi moja, kwa mfano 70 ya kweli ya GPS, kila palipo wazi. Vijijini ni 50 kama sheria inavyotaka, jaribio halikupi ruhusa. Tumia gia ileile ya mwisho, kiyoyozi kiwe kimezimwa au kimewashwa safari zote.
5. Nenda hadi Bunda, geuza, rudi pampu ileile, gari likielekea upande uleule. Jaza kwa utaratibu uleule.
6. Lita ulizojaza, gawanya kwa kilomita zilizosahihishwa, zidisha kwa 100.
7. Siku nyingine, saa ileile, rudia kwa 60, kisha kwa 80.

Kwa gari la abiria na gari la zaidi ya kilo 3,500, 80 ndiyo kikomo cha kisheria, na mabasi yaliyofungwa kifaa cha kufuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, yanaonekana yakivuka. Hata hivyo, utaona kwamba jibu halitakuwa juu ya 80.

Umbali usipungue kilomita 200 kwa kila spidi, kwa sababu hii: bomba la pampu linaweza kujikata mapema au kuchelewa kwa nusu lita. Kwenye kilomita 100 gari limekula kama lita 8.5, na nusu lita ni kosa la asilimia 6. Kwenye kilomita 200 kosa linashuka hadi 3. Tofauti kati ya 70 na 80 ni kubwa kuliko hiyo, tangi litakuonyesha. Tofauti kati ya 60 na 70 mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo, na tangi haliwezi kukuamulia. Anayekuambia amepima tangi moja la kilomita 40 na kugundua siri ya 63, mshukuru uende zako.

Si lazima utoke makusudi. Kama una safari za kawaida za njia hiyo, wiki hii shika 70, wiki ijayo 80, mzigo ukiwa unakaribiana. Safari nne za kila spidi zitakupa wastani mzuri kuliko jaribio moja la kifahari.

Kupima kwa kifaa cha OBD

Kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, kwenye soketi ya OBD ya kusomea kompyuta ya gari, kinaweza kukuonyesha lita kwa saa papo hapo. Chagua kipande cha kilomita 5 kilichonyooka, shika spidi, msaidizi aandike namba kila kilomita, geuza, rudia. Fanya mara tatu kwa kila spidi. Ndani ya saa mbili umemaliza spidi zote kwa upepo uleule, faida ambayo tangi halina.

Tatizo ni dizeli. Programu nyingi za simu hukadiria mafuta kutokana na hewa inayoingia, zikichukulia uwiano wa 14.7 kwa 1 kama wa petroli. Dizeli haifanyi kazi hivyo. Inavuta hewa ya ziada wakati wote. Namba utakayoiona itakuwa ya uongo, na uongo wenyewe unabadilika na spidi, hivyo hata kulinganisha haiwezekani. Kwenye dizeli iamini tu programu inayosoma kiasi cha mafuta kutoka kwenye kompyuta ya injini yenyewe. Pia baadhi ya Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazizungumzi na vidude hivi, hata soketi ikiwa ileile. Hapo rudi kwenye tangi.

Kuyasoma majibu

Tuseme umepata namba kama hizi, za mfano, kwa safari ya kilomita 200:

| Spidi | Lita kwa km 100 | Lita za safari | Muda |
|---|---|---|---|
| 60 | 8.2 | 16.4 | saa 3 dk 20 |
| 70 | 8.4 | 16.8 | saa 2 dk 51 |
| 80 | 9.1 | 18.2 | saa 2 dk 30 |
| 90 | 10.1 | 20.2 | saa 2 dk 13 |

Kwa lita peke yake, 60 imeshinda. Lakini tazama unachonunua. Kutoka 60 kwenda 70 unalipa lita 0.4 na kuokoa dakika 29: bei ya kutupa. Kutoka 70 kwenda 80 unalipa lita 1.4 kwa dakika 21. Kutoka 80 kwenda 90, lita 2 kwa dakika 17. Kila hatua muda unaopata unapungua na mafuta unayolipa yanaongezeka. Kwa gari la namna hii tungeshika 70 au 72, na 80 siku yenye haraka ya kweli. Kwenda 60 kwenye barabara kuu kunapanga mabasi nyuma yako, nao wataanza kukupita kwenye kona.

Kama 60 imetoka mbaya kuliko 70, tafuta sababu kwenye gia. Otomatiki nyingi hazifungi konvata (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) mpaka gari lipite spidi fulani. Utaijua ikifunga: mshale wa mizunguko unashuka kidogo, na ukigusa pedeli kidogo mizunguko haipandi kabla ya gari. Spidi yako bora ni kilomita chache juu ya hapo, na kitufe cha ovadraivi (gia ya juu kabisa) kiwe kimewashwa. Wengi huendesha nacho kimezimwa bila kujua, taa ya O/D OFF inawaka mbele yao.

Kwa gia za mkono, dizeli usiibebeshe gia ya mwisho chini ya mizunguko 1,400 au 1,500, petroli chini ya 1,700 hivi. Injini ikiguguma na gari kutetemeka, haubani mafuta hapo. Unazalisha masizi na kuumiza fani za injini na klachi. Mlima ukianza, shuka gia mapema.

Matuta, mlaji wa nne

Hapa ndipo hesabu ya barabara zetu inapoachana na ya vitabu. Van ya tani 2.3 ikitoka kwenye tuta kwa 20 na kupanda hadi 70, inahitaji nguvu ya takriban kilojuli 400. Kwa injini ya dizeli inayogeuza asilimia 30 ya mafuta kuwa mwendo, hiyo ni karibu mililita 37. Ukipanda hadi 80, ni mililita 49. Matuta 20, lita imekwenda. Na yote uliyoyatia yanageuka joto la breki kwenye tuta linalofuata.

Kwa hiyo kati ya kijiji na kijiji vilivyokaribiana, kukimbilia 80 ni kununua mafuta ili uyachome kwenye breki. Shika 60 au 65. Ukiona kibao cha kijiji, achia pedeli gia ikiwa imeingia. Injini nyingi za sindano za kielektroniki hukata mafuta kabisa hapo, wakati ukiweka fri (nyutro) injini inaendelea kula ya sailensa, kama imewaka bila kukanyagwa, tena gari halina breki ya injini.

Vinavyoisogeza spidi yako

Keria ya juu. Magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba ni mepesi, lakini yakiwekwa juu yanaongeza uso wa gari, na spidi bora inashuka. Samaki kwenye barafu ndani ya gari ni wazito, ila hewa haiwaoni. Wanaumiza matairi na matuta, na spidi bora haisogei sana. Gari la kulala lenye hema la juu, turubai la pembeni na paneli ya sola lipimwe upya navyo, na kama hema halitumiki msimu huu lishushwe.

Madirisha na kiyoyozi. Kwenye 50 za mjini fungua dirisha. Kwenye 80, madirisha yote yakiwa wazi, hewa inaingia kama kwenye gunia, na tofauti na kiyoyozi inakuwa ndogo. Fungua kidogo dirisha moja la mbele na moja la nyuma.

Kruzi kontroli inasaidia kwenye tambarare za Magu. Kwenye vilima inakanyaga mafuta kwa hasira ili isipoteze hata kilomita moja. Kila mita 100 za mwinuko zinaigharimu van hiyo kama lita 0.2, spidi iwe yoyote, hivyo acha ishuke hadi 60 kwenye mlima na irudi yenyewe kwenye mteremko.

Rudia kipimo kila ubadilishapo saizi ya matairi, injini au gia boksi. Na kama lita zimepanda asilimia 10 kwa spidi ileile, barabara ileile, anza na rimu: gusa ipi ina joto.